Ugonjwa Unaopita Njia Moja na Riziki

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa pamoja wa wafanyabiashara, walimu na wahudumu wa afya. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, waalikwa, ndugu zangu nyote mlioacha shughuli zenu mkaja hapa, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa, na namna unavyoigusa jamii na uchumi. Najua wengine mnatarajia nianze na hesabu ya wagonjwa. Mniwie radhi, nitaanza na kwaya.

Jioni ya tarehe 10 Machi 2020, watu 61 walikutana kufanya mazoezi ya kuimba katika bonde la Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Virusi vya korona vilikuwa vimeshaingia jimboni na wanakwaya walilijua hilo. Walitakasa mikono. Hawakukumbatiana wala kushikana mikono kama walivyozoea. Wakaimba kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, kisha kila mmoja akarudi kwake. Siku chache baadaye, 53 kati yao walikuwa wagonjwa, wengine kwa kipimo na wengine kwa dalili zilizo wazi. Wawili walifariki.

Ndugu zangu, watu hawa walikosa nini? Waliimba. Walikaa chumba kimoja wakavuta hewa moja, jambo ambalo mimi na nyinyi tunalifanya sasa hivi.

Kipindupindu kinapita kwenye maji na chakula, kwa hiyo ukichemsha maji na kunawa mikono umeziba njia yake kubwa. Malaria inaletwa na mbu, na mbu anazuiwa kwa chandarua. Hewa je? Utaichemsha? Utaifunika chandarua? Ugonjwa wa njia ya hewa unapita pale pale tunapokutana, na sisi tunakutana ili tuishi. Tunakutana sokoni, darasani, kiwandani, msikitini, kanisani, msibani, harusini, ndani ya gari linalotupeleka kazini. Ukivitoa hivyo vyote, uchumi unabaki nini? Ndiyo maana nasema ugonjwa huu unapita njia moja na riziki. Ukiifunga njia, riziki nayo inakwama. Ukiiacha wazi, mauti yanapita. Yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

Sasa twende mwaka 2003. Tarehe 21 Februari, daktari mmoja aliyekuwa akitibu wagonjwa huko Guangdong, kusini mwa China, alifika Hong Kong akiwa tayari mgonjwa, akachukua chumba ghorofa ya tisa ya hoteli moja. Alilala hapo usiku mmoja tu, kesho yake akaenda hospitali, na baada ya siku chache akafariki. Lakini usiku ule mmoja ulitosha. Wageni wa ghorofa ile waliondoka na virusi bila kujua, mmoja akavipeleka Toronto, mwingine Singapore, mwingine Hanoi. Kule Hanoi alikuwepo daktari Mwitaliano wa Shirika la Afya Duniani, Carlo Urbani. Ndiye aliyemwona mgonjwa wa kwanza wa mji ule, akatambua kwamba huu si ugonjwa wa kawaida, akapiga kelele dunia ikasikia. Naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 29 Machi mwaka huo huo. Naomba tulikumbuke jina lake, maana wahudumu wa afya wengi wa namna yake hawatajwi popote.

Ugonjwa huo ndio SARS. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, uliwapata watu 8,096 na kuwaua 774, na tarehe 5 Julai 2003 ikatangazwa kwamba umedhibitiwa. Kila mmoja wa hao 774 alikuwa na watu wake, kwa hiyo sitaki mtu adhani nawadogosha. Lakini sikilizeni hesabu ya pili. Wanauchumi wawili, Jong-Wha Lee na Warwick McKibbin, walikadiria kwamba SARS iliigharimu dunia takriban dola bilioni 40 mwaka ule. Ukigawa kwa idadi ya wagonjwa, inakaribia dola milioni 5 kwa kila mgonjwa mmoja.

Dola milioni 5! Ni dawa gani hiyo? Ni kitanda gani hicho? Hakuna. Sehemu kubwa ya hasara ile haikutokana na matibabu. Ilitokana na watu wazima wa afya ambao hawakusafiri, hawakulala hotelini, hawakuingia dukani, hawakukaa mgahawani. Mjini Toronto maambukizi mengi yalitokea ndani ya hospitali. Lakini migahawa gani ilikosa wateja? Ya mtaa wa Wachina. Mwenye mgahawa alikuwa mzima, mpishi mzima, wahudumu wazima, na viti vitupu, kwa sababu tu sura zao zilifanana na sura za watu wa mahali ugonjwa ulikoanzia. Mwaka 2020 mambo yakawa yale yale. Watu walitukanwa njiani na kusogelewa kwa shari kwa sababu ya sura. Unyanyapaa ni ukatili kwanza, hilo tusilizungushe. Na baada ya ukatili, ni hasara pia, maana anayeogopa kunyooshewa kidole hatakwenda kupima.

Kuna wanaosema, "Tatizo ni serikali kufunga. Zisingefunga, biashara zingeendelea." Nimelisikia hili mara nyingi, na wengi wanaolisema ni watu walioumia kweli, kwa hiyo linastahili jibu la heshima. Wanauchumi Austan Goolsbee na Chad Syverson walichukua taarifa za simu za mkononi nchini Marekani mwaka 2020 wakaangalia watu walivyopungua kwenye maduka na maeneo ya huduma. Walilinganisha sehemu zinazopakana, upande mmoja kukiwa na amri ya kukaa ndani na upande wa pili bado. Watu walipungua kwa asilimia 60. Katika hizo 60, amri za serikali zilieleza 7 tu. Nyingine zote zilikuwa uamuzi wa watu wenyewe, na wengi walianza kujifungia kabla ya amri kutoka.

Mmenielewa? Mteja alishaondoka kabla mlango haujafungwa. Wala simlaumu, maana alikuwa na wazee nyumbani na alikuwa ameona majeneza kwenye televisheni. Kwa hiyo anayetaka wateja warudi asiishie kudai milango ifunguliwe. Adai pia maambukizi yashuke, na adai watu wapate sababu ya kweli ya kutoogopa.

Hapo ndipo tunafika kwenye ukweli, na nitakaa hapa kidogo.

Mwezi Mei mwaka 2015, mtu mmoja alirudi Korea Kusini kutoka safari ya Mashariki ya Kati. Akaugua, akazunguka hospitali kadhaa, na zilipita zaidi ya wiki mbili tangu arudi hadi ilipogundulika tarehe 20 Mei kwamba ana MERS, ugonjwa wa njia ya hewa wa jamii moja na SARS. Wakati huo alikuwa ameshawaambukiza wengine. Sasa wananchi wakauliza swali ambalo mimi na wewe tungeuliza: ni hospitali zipi? Serikali ikakataa kuzitaja, ikihofia taharuki. Je, taharuki ilizuilika? Mtu asipojua hospitali yenye ugonjwa ni ipi, anaziogopa zote. Mzazi asipojua, anamtoa mtoto shuleni. Shule zaidi ya 2,000 zikafungwa. Watu karibu 17,000 wakawekwa karantini. Majina ya hospitali yalikuja kutangazwa tarehe 7 Juni, na siku nne baadaye benki kuu ya nchi ikashusha riba hadi asilimia 1.5 ili kuukinga uchumi. Wagonjwa wote walikuwa 186, na waliofariki 38. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua.

Lakini nawapongeza Wakorea kwa kilichofuata. Walibadilisha sheria yao ya magonjwa ya kuambukiza ili mwananchi awe na haki ya kuambiwa, na taasisi zao zikajiandaa. Korona ilipofika mwaka 2020, walikuwa na vipimo mapema na vituo vya kupimia watu wakiwa ndani ya magari yao, na wakapita wimbi la kwanza bila kuifungia nchi nzima ndani. Nchi ni ile ile, na tofauti ni miaka mitano tu.

Kama mnataka mfano mkali zaidi, turudi nyuma hadi 1918, mwaka wa homa kuu ya mafua inayokadiriwa kuua watu wasiopungua milioni 50 duniani. Katika Bahari ya Pasifiki kuna visiwa vya Samoa. Watu wake ni ndugu, lugha ni moja, lakini wakati ule upande wa magharibi ulikuwa chini ya New Zealand na upande wa mashariki chini ya Marekani. Tarehe 7 Novemba 1918, meli iitwayo Talune ilitia nanga Apia, upande wa magharibi, ikitokea Auckland ambako mafua yalikuwa yamepamba moto. Melini kulikuwa na wagonjwa. Wakaruhusiwa kushuka.

Katika muda mfupi tu watu wapatao 8,500 walikufa. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Jaribuni kuhesabu safu mliyokaa: mmoja, wawili, watatu, wanne, na wa tano hayupo. Nyumba nyingi hazikubaki na mtu mwenye nguvu ya kuwasha moto jikoni au kwenda shambani. Walikufa machifu na wazee waliobeba elimu ya mila na ardhi, watoto wakabaki yatima, na uchungu huo ukaja kuchochea upinzani dhidi ya utawala wa New Zealand. Mwaka 2002, baada ya zaidi ya miaka 80, Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba Wasamoa radhi.

Upande wa mashariki je? Gavana John Poyer alisikia habari za ugonjwa kwa redio ya upepo, akaweka karantini kali, na wananchi wenyewe wakalinda fukwe zao ili chombo chochote kisitie nanga kwa siri. Idadi ya waliokufa kwa mafua ni sifuri. Sifuri, ndugu zangu! Poyer alikuwa tayari hata kutuma msaada wa madaktari ng'ambo ya pili, na mtawala wa upande wa magharibi hakuupokea.

Nataka mtambue jambo moja kuhusu walinzi wale wa fukwe. Gavana peke yake asingeweza kulinda kila ufukwe. Wananchi walikubali, kwa sababu waliambiwa ukweli mapema na wakaamini kwamba katazo lile ni kwa ajili yao.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Nani analipa?

Chukueni mtu anayelipwa kwa siku. Tuseme ni mama anayefua nguo katika nyumba za watu. Ameamka na kikohozi, viungo vinamuuma. Nyumbani kuna chakula cha siku mbili, kodi imebakiza wiki moja, na mtoto ameshaambiwa asirudi darasani bila daftari. Redioni wanatangaza: mwenye dalili akae ndani siku 14. Mama huyu ameyasikia matangazo, tena ameyaelewa kuliko sisi. Atafanya nini? Atameza kidonge cha kushusha homa, atafunga barakoa, atajikaza asikohoe ndani ya gari, atakwenda kufua. Je, huyu ni mkaidi? Huyu anahitaji elimu ya afya? Hapana! Anahitaji ujira wa siku 14. Shirika la Kazi Duniani linasema watu wapatao bilioni 2 wanafanya kazi zisizo rasmi, bila likizo ya ugonjwa wala akiba ya uzeeni. Karantini isiyo na chakula ndani yake haitakaa, hata ikisimamiwa na askari.

Na kuna walioweza kulifanya hili. Aprili 2020 nchi ya Togo ilianza kutuma fedha moja kwa moja kwenye simu za watu wasio na ajira rasmi, na wanawake wakapewa zaidi ya wanaume kwa kuwa wao ndio wanaobeba zaidi mzigo wa kulisha nyumba. Haikuwa nchi tajiri. Iliamua.

Wapo wengine ambao hata hatuwaoni. Zaidi ya asilimia 80 ya mizigo ya biashara ya dunia inapita baharini. Mwaka 2020 bandari zilipofungwa kwa watu, mizigo iliendelea kushuka. Simu zilishuka, dawa zilishuka, nguo zilishuka. Mabaharia hawakushuka. Kufikia mwisho wa mwaka ule, mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini ingawa mikataba yao ilikuwa imekwisha, na wengine walikuwa na zaidi ya mwaka bila kukanyaga nchi kavu. Wapo waliokataliwa kushuka hata kumwona daktari. Sisi tukazungumzia bei ya mizigo na kuchelewa kwa makontena. Tulizungumzia kontena, hatukumzungumzia aliyelisafirisha.

Walimu, hapa ni kwenu. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa wanafunzi wapatao bilioni 1.6 duniani. Wenye intaneti na meza ya kusomea waliendelea kwa namna fulani, wengine walikaa tu. Kabla ya korona, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, asilimia 57 ya watoto wa miaka 10 hawakuweza kusoma na kuelewa habari fupi. Benki ya Dunia, UNESCO na UNICEF walikadiria mwaka 2022 kwamba imefika asilimia 70. Watoto hao hawakuwa wagonjwa. Virusi viliwapita wengi wao bila kuwadhuru. Lakini deni watalilipa wao, kwenye mishahara yao ya miaka 20 ijayo, na hakuna takwimu ya mlipuko itakayolihesabu. Mimi naamini shule nyingi zilikaa zimefungwa muda mrefu kupita ilivyostahili, baada ya kumbi za starehe kuruhusiwa. Hilo lilikuwa chaguo, na tulichagua vibaya.

Kuhusu kazi, nitasema kwa ufupi tu. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba saa za kazi zilizopotea mwaka 2020 zililingana na ajira milioni 255 za muda wote. Nyuma ya kila ajira iliyokwisha kuna mtu aliyerudi nyumbani akakuta watoto hawaendi shule na mgonjwa anahitaji kuuguzwa, na mara nyingi mzigo huo ukamwangukia mwanamke.

Wahudumu wa afya mliopo, nyinyi mnajua jambo ambalo wengine wamelisahau. Mlipuko mmoja unaficha mwingine. Mwaka 2019 wagonjwa wapya wa kifua kikuu waliogunduliwa na kuandikishwa duniani walikuwa milioni 7.1. Mwaka 2020 wakashuka hadi milioni 5.8. Walipungua wagonjwa? Hawakupungua. Waliogopa kuja hospitali, au walikuja wakakuta mashine na watumishi wamehamishiwa kwenye korona. Wakabaki majumbani, wakikohoa, wakiwaambukiza wa kwao, na vifo vya kifua kikuu vikapanda kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja.

Nakitaja kifua kikuu kwa makusudi. Dharura ya korona ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023. Mwaka huo huo kifua kikuu, ugonjwa wa njia ya hewa unaotibika, kiliwapata watu milioni 10.8 na kuua milioni 1.25. Dawa zake katika nchi nyingi ni za bure. Hata hivyo, karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka. Wanapotezaje wakati dawa ni bure? Nauli. Siku za kazi. Kufukuzwa kazi. Yule mama wa kufua, mkimkumbuka, hahitaji kusubiri virusi vipya kutoka mbali. Kikohozi chake kinaweza kuwa hiki.

Kwa hiyo wafanyabiashara, maombi yangu ya kwanza ni kwenu. Mfanyakazi anayekohoa akae nyumbani na alipwe. Mkisema hamuwezi peke yenu, nakubali. Anzisheni mfuko wa pamoja, kama mnavyochangiana kwenye misiba. Na mfanyakazi akileta cheti cha kifua kikuu, nafasi yake imsubiri, kwa sababu baada ya wiki chache za dawa sahihi wengi hawaambukizi tena. Walimu, madirisha ya madarasa yaliyopigiliwa misumari yafunguliwe mwezi huu, kabla ya mlipuko wowote. Wanakwaya wale hawakukosa kitakasa mikono, walikosa hewa safi. Wahudumu wa afya, mkiona jambo lisilo la kawaida, semeni siku hiyo hiyo, nasi wengine tuwalinde mnapolisema.

Meza zimewekwa kule nyuma, kila moja ina kalamu na karatasi. Naomba kila mwajiri aliyepo akae na mhudumu wa afya mmoja, waandike utaratibu wa mtu anayeugua kazini: anamwambia nani, anapimwa wapi, analipwa siku ngapi na kwa fedha kutoka wapi. Tutakaa humu hadi karatasi zijae, na wakati mnaandika nitapita meza kwa meza kujibu maswali.